"Si umeona mwenyewe?": Je, mwanangu alimkosea adabu mtangazaji?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza chakula hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, karibu na foleni ya malori. Mwanangu wa tatu ana miaka 19, anakimbia mita 5,000. Mwezi uliopita alikimbia kwenye uwanja wa Namboole, karibu na Kampala. Aliongoza mpaka ikabaki mizunguko miwili, akapitwa, akamaliza wa saba. Hata viatu hajavua, mtangazaji wa redio akamwekea kipaza sauti mdomoni akamuuliza, "Nini kimeharibika?" Mwanangu akajibu, "Si umeona mwenyewe? Nimekimbia, nimemaliza," akaenda zake. Kipande hicho kimezunguka kwenye simu za watu mpaka kikafika kwa wazee wa kanisa letu. Wananiambia nimelea mtoto ameota pembe kabla hajapata hata medali. Ni kweli alikosa adabu? Na nimpeleke akamwombe radhi yule mtangazaji?

JIBU: Yoga, mama, nikusalimu kwa Kiteso cha kwenu, na pole na kazi. Najua wateja hawasubiri, kwa hiyo natanguliza jibu: maneno ya mwanao hayakuwa matusi wala dharau. Alivyoondoka ndipo penye kasoro, nayo ni ndogo, inamalizwa kwa simu moja. Wazee wa kanisa waambie hivyo. Yanayofuata nayaandika kwa sababu swali lako naletewa kila msimu wa mashindano, kila mara kwa sura nyingine, na anayewekwa kizimbani ni yule aliyejibu. Aliyeuliza haguswi.

Nilibeba kinasa sauti cha redio viwanjani kwa miaka 11 kabla ya kuingia kwenye kazi ya kuwafundisha wanamichezo na waandishi namna ya kuzungumza. Nikiwasema watangazaji, najisema na mimi.

Tuanze na dakika yenyewe. Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu. Mkimbiaji akivuka mstari, moyo wake unapiga karibu na kikomo chake na pumzi anaitafuta kwa mdomo. Akisimama ghafla, damu inatuama miguuni, inayopanda kichwani inapungua, anaona giza. Ndiyo maana wengi wanaoanguka huanguka baada ya mstari, wameshamaliza. Kocha anayejua kazi yake humwambia mtu wake asisimame, atembee. Mwanao alikuwa anatafuta kutembea, na mbele yake kasimama mtu na kifaa. Sehemu ya kile watu wanachokiita kuondoka kwa dharau ilikuwa miguu tu ikifanya ilichofundishwa.

Na kichwa nacho? Machi 2017 nilikuwa Kololo, siku Kampala ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Joshua Cheptegei yuko mbele, uwanja mzima umesimama, kijana wa Kapchorwa anakwenda kushinda nyumbani kwao. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa. Akawa anapepesuka, wanampita mmoja mmoja. Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda, Cheptegei akafika wa 30. Sasa niambie, mama: ukimshika mtu huyo pale mstarini ukamuuliza nini kimeharibika, akueleze nini? Yeye mwenyewe bado hajui. Mambo ya namna hiyo hujibiwa kwa miaka. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2019 kule Aarhus, akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris 2024. Siku ile Kololo hakukuwa na sentensi ambayo ingetosha.

Sasa lisikilize swali alilopewa mwanao. Limekuja limeshakata kesi. Halimuulizi kama kuna kilichoharibika. Limeshaamua kwamba kipo, linamtaka akitaje. Wakati kijana kaongoza mizunguko kumi kati ya 12 na nusu! Kwa mtu wa miaka 19 inawezekana kabisa huo ndio ulikuwa mpango: kocha kamwambia aende mbele, aone miguu itamfikisha wapi. Kama ni hivyo, hakuna kilichoharibika, na swali lenyewe lilikuwa limepotea njia. Mtangazaji angeuliza, "Uliamua lini kwenda mbele?" au "Waliokupita uliwasikia wanakuja?", angepata hadithi. Mkimbiaji akiulizwa jambo aliloliona kwa macho yake hufunguka, hata akiwa hoi.

Kuna ndugu wa swali hilo, "Unajisikiaje?" Hilo nimeliuliza mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ni swali la mtu ambaye hakuangalia mbio. Miaka ya mwanzo kazini nilimuuliza binti mmoja wa mita 800 aliyeanguka kwenye kona ya mwisho, akainuka, akamaliza wa mwisho. "Ulijisikiaje ulipoanguka?" Akaniangalia. Akasema, "Vibaya," akapita. Nikawageukia wasikilizaji nikasema binti huyu ana kipaji, lakini kiburi kitamponza. Jioni nikamkuta mkono umefungwa. Kifundo kilikuwa kimeteguka, na muda wote nilipokuwa nimemwekea maikrofoni alikuwa ameushika kwa mkono wa pili. Mimi niliuona mkono. Sikuuangalia.

Si kwetu tu, usidhani. Juni 30, 2014, kwenye Kombe la Dunia kule Brazil, Algeria iliwahenyesha Wajerumani mpaka muda wa nyongeza, Ujerumani ikaponea kwa 2-1. Beki wao Per Mertesacker katoka uwanjani, mtangazaji wa televisheni ya kwao akaanza kumuuliza kwa nini timu imecheza kwa kujikongoja. Mertesacker akamgeuzia kibao: wewe sasa unataka nini kwangu? Tucheze mpira wa kupendeza halafu tutolewe tena? Akasema anakwenda kukaa siku tatu kwenye pipa la barafu, uchambuzi utakuja baadaye. Mahojiano hayo yalikuwa maarufu dunia nzima, na watu wengi walimpenda zaidi kwa sababu yake. Siku 13 baadaye Ujerumani walibeba kombe. Hebu yaweke maneno yake karibu na ya mwanao. Ya Mjerumani ni makali zaidi kwa mbali. Ila yeye alikuwa ameshinda, na mshindi akijibu kwa ukali tunasema huyu ni mwanamume, ana msimamo.

Nije kwenye lugha, maana naamini hapo ndipo kijana wako alipopotezwa.

Kwenu mpakani Kiswahili ni lugha ya soko, ya kubishana bei na dereva wa Mombasa, ya utani. "Si umeona mwenyewe?" kwa mtu wa Malaba ni maneno ya kumweka mwenzako karibu: tulikuwa wote hapa, macho unayo, nikuongezee nini? Nina hakika wewe mwenyewe unamwambia hivyo mteja anayeuliza kama nyama imebaki huku anaangalia sufuria tupu, naye anacheka, anaagiza maharagwe.

Yachukue maneno hayohayo uyapeleke Kampala. Huko wako watu wazima waliosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, enzi za Amin na baada yake, nacho kilikuja kama amri. Ni kweli katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na leo watoto wanafundishwa shuleni. Lakini sikio halirekebishwi bungeni. Mwanao alizungumza kama mtoto wa sokoni. Aliyekuwa amewasha redio kule Ntinda, mtaa wa Kampala, akasikia afande.

Wanaojibu kwa Kiingereza hawajaokoka pia. Mganda anayezungumza Kiganda adabu yake ameifunga ndani ya lugha: kuna "ssebo" na "nnyabo" mwishoni mwa sentensi, na hata maji haombi kwa kusema nipe maji, anasema "mpa ku mazzi", yaani nigawie kidogo tu. Mwambie huyohuyo azungumze Kiingereza mbele ya kamera, vikolombwezo vyote vya heshima vinabaki nyuma, linatoka neno limekaa uchi. Kijana wa Sebei, huko kwao Cheptegei, ndiyo kabisa: anafikiri kwa Kikupsabiny, lugha ya kwao, anapitia Kiswahili cha kambini, anafika kwenye Kiingereza akiwa na maneno matano mkononi. "Ilikuwa ngumu. Namshukuru Mungu. Asante." Sisi kwenye makochi tunasema ana maringo.

Ongeza na hili: wengi wa wanariadha wetu ni askari. Stephen Kiprotich alipotwaa dhahabu ya marathoni London 2012, ya kwanza kwa Uganda kwenye Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972, alikuwa askari magereza. Cheptegei ni polisi. Kwenye vyombo hivyo ukiulizwa unajibu ulichoulizwa, kwa ufupi, unanyamaza. Anayejieleza sana ndiye anayetiliwa shaka. Halafu kuna macho. Katika nyumba nyingi za nchi hii mtoto aliyelelewa hamkazii mkubwa macho. Anaangalia chini au pembeni. Kamera inataka macho. Kijana anaangalia nyasi kwa heshima zote, mtazamaji anaona mtu aliyenuna.

Lakini kinachoniuma zaidi ni salamu. Waganda hata wakimpita mtu wasiyemjua anachimba mtaro humwambia "gyebale ko", kwamba hongera kwa kazi, kabla ya neno lingine lolote. Sisi kwa Kiswahili tunasema pole na kazi, kama nilivyokusalimu mwanzoni mwa jibu hili. Yule mtangazaji angemkuta mwanao njiani ametoka shamba, jembe begani, asingethubutu kuanza na nini kimeharibika. Angemsalimu kwanza. Mpe mtu kipaza sauti, anasahau alikolelewa. Kwa hiyo wazee wako wakitaka kuhesabu nani alianza kukosa adabu pale Namboole, wahesabu kuanzia mwanzo.

Hayo nimeyasema kumtetea mwanao. Sasa nisikie na kwa upande wa pili, maana utovu wa adabu upo na nimeukuta. Yupo anayemdharau mpinzani wake aliyemshinda kihalali, anasema jamaa kabahatisha. Yupo anayemtupia lawama mwenzake wa timu hadharani, wakati yuko naye chumba kimoja hotelini. Yupo anayemtukana mwandishi kwa kabila lake au kwa kuwa ni mwanamke, anamwita mtoto mdogo. Na mwingine hujibu kwa upole kabisa, tabasamu hadi masikioni, huku anadanganya. Huyo kwangu ni mbaya kuliko wote, ingawa hakuna anayesambaza kipande chake. Ukiona mwanao anaelekea huko, usiniandikie mimi, mkalishe chini.

Adabu yenyewe nayo mara nyingi haiko kwenye maneno. London 2012 Usain Bolt alikuwa anahojiwa na televisheni ya Hispania. Katikati ya mahojiano wimbo wa taifa wa Marekani ukaanza kupigwa, Sanya Richards-Ross anapewa dhahabu yake ya mita 400. Bolt, Mjamaika, akaomba wasubiri, akageuka, akasimama wima kimya mpaka wimbo ukaisha, ndipo akaendelea. Ukimwonyesha kijana wako kipande hicho utakuwa umemfundisha zaidi ya hotuba yangu.

Uliuliza kuhusu radhi. Kwa maneno yake, hapana. Kwa kumwacha mtu amesimama hewani na redio iko moja kwa moja, ndiyo. Mtangazaji yule naye ana mkubwa wake, naye alikuwa na sekunde chache za kujaza, na huenda alirudi kituoni akagombezwa. Lakini usimpeleke wewe. Kijana wa miaka 19 akifikishwa na mama yake mbele ya mwandishi, hapo ndipo mtakapokuwa mmetengeneza habari ya pili. Apige simu mwenyewe. Aseme, "Siku ile nilikuwa sijapata pumzi, niliondoka vibaya, naomba unisamehe. Ukitaka tuzungumze juu ya mbio ile, niko tayari." Basi. Asiseme "kama nilikukosea". Asimkumbushe swali lake lilivyokuwa, hata akiulizwa.

Anaweza kushangaa kwa nini amlinde mtu aliyemharibia jina. Mwambie habari ya Bode Miller, mteleza-theluji wa Marekani. Mwaka 2014 kwenye Olimpiki ya Sochi alipata shaba, muda si mrefu baada ya kufiwa na mdogo wake. Mtangazaji, mwanamke aliyewahi kuwa mteleza-theluji pia, akamuuliza juu ya marehemu, akarudia, akarudia tena, mpaka Miller akainama na kulia mbele ya kamera. Nchi nzima ikamgeukia yule mama. Aliyejitokeza kumtetea ni Miller mwenyewe, akawaomba watu wamwache. Sijui wangapi wetu tungeweza.

Kwa mbio zijazo mfundishe kitu kimoja tu, maana akipewa vitu vitano hatakumbuka hata kimoja akiwa hana pumzi. Akiona kipaza sauti, aseme, "Asante kwa kuja. Naomba dakika mbili nitembee, narudi." Na arudi! Wengi huomba dakika mbili wakapotelea chumba cha kubadilishia nguo, ndipo mwandishi anapojenga chuki. Dakika mbili zinatosha moyo kushuka na hasira ya kwanza kupita. Akirudi, atangulize kitu alichokiona yeye kwenye mbio kabla hajaulizwa cha kuharibika: nilikwenda mbele kwa sababu hii, wakanipita mahali fulani. Akishasema hivyo, swali baya linakosa pa kuingilia. Na azungumze Kiswahili, asikione haya. Aongeze tu "ndugu yangu" au "mzee" mwanzoni, kwa ajili ya yule msikilizaji wa Ntinda. "Ndugu yangu, si umeona mwenyewe?" ingepita bila mtu kugeuza shingo.

Kuhusu huko mbele, akifika kwenye mashindano makubwa, neno fupi. Huko mwanariadha akitoka uwanjani hupitishwa kwenye ujia wenye uzio, waandishi wamejipanga upande mmoja: kwanza televisheni zilizonunua haki, kisha redio, mwisho magazeti. Akifika kwa yule wa mwisho ameshaulizwa swali moja mara kumi, na kama amechaguliwa kupimwa dawa, msimamizi wa vipimo anamfuata nyuma kama kivuli mpaka atoe mkojo. Kwenye michezo ya wenye fedha kukataa mahojiano kuna faini. Naomi Osaka alitozwa dola 15,000 kwenye mashindano ya tenisi ya Ufaransa mwaka 2021, kesho yake akajitoa, akaeleza kwamba amekuwa akisumbuliwa na sonona. Marshawn Lynch, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, baada ya kupigwa faini alikuja mbele ya waandishi mwaka 2015 na kurudia zaidi ya mara 20 kwamba yuko pale ili asipigwe faini. Mwanao hana faini ya kuogopa leo, ana kundi la WhatsApp tu.

Na kundi hilo, mama, usilijibu. Najua vidole vinakuwasha. Ukiandika sentensi moja ya kumtetea, kile kipande kitapanda tena juu na wale ambao hawakukiona watakitafuta. Mzee wa kanisa akikuuliza ana kwa ana, mwambie kijana ameshapiga simu, halafu mwulize kama anataka chai.

Simu apige asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5. Jioni watangazaji wa michezo wako hewani. Akipiga saa hizo atajikuta anaomba radhi mbele ya Uganda nzima.